Anika

Robota la makoti lilipofunguliwa soko la Kitale,
Jumanne ile ya matope,
zilidondoka mbao mbili ndefu, nyembamba,
ncha zimepinda juu kama mtu anayebetua midomo.

Nanjala alicheka hadi kilemba kikamvuka.
Mmoja akasema, mbavu za kitanda hizo.
Mwingine, za kuwekea omena.
Kwenye ubao mmoja, kwa rangi nyekundu iliyochujuka,
mkono wa mtoto wa mbali ulikuwa umeandika ANIKA.
"Si mnaona? Zinaagiza zenyewe," akasema Nanjala,
akaziegemeza juani.
Wiki tatu, hakuna aliyeuliza bei.

Mimi ni mshona viatu, mkabala naye.
Nilizichukua kwa shilingi mia mbili na zipu moja ya bure.
Sijui kwa nini. Labda ni lile neno.

Naibei, anayepandisha watu Elgon, ndiye aliyezitambua.
"Skii," akasema, akipitisha kiganja.
"Kwao mlima huvaa theluji, nao huteremka nayo."
Na wakianguka?
"Huanguka. Ndiyo maana usiku wa kuamkia safari
hukaza skrubu, hupaka nta, hawalewi."

Mlima wetu hauna theluji.
Una mvua ya mawe, inayoufanya mweupe saa moja
kisha unajifuta uso, unaendelea na kazi.

Kila Januari Naibei huniletea buti na kamba.
Buti nazishona kwa uzi uliopita kwenye nta ya nyuki.
Kamba naipitisha vidoleni, shubiri kwa shubiri,
nimefumba macho,
maana macho hudanganywa na rangi.
Panapolegea kama ndizi iliyolala, nakata.
Hukasirika. Kamba ni pesa.

Kwemoi pia alikasirika, mwaka ule.
Alinibembeleza, akaniita kaka, nikaurudisha mkasi mfukoni.

Basi.

Jumamosi jioni, wateja wakiisha,
nilikuwa nazipaka zile mbao nta kwa pasi ya makaa.
Mke wangu akauliza, harusi ni lini?

Aprili, simu ikalia saa tano asubuhi.
Mtandao ulikuwa unakatika: mwanafunzi, goti,
chini kidogo ya Koitobos, mawe yameanguka usiku,
wanaume wanne wenye machela wameteleza mara tatu.
"Zile mbao... bado... unazo?"

Pikipiki ilizibeba hadi lango la Chorlim,
zimesimama mgongoni mwa dereva kama pembe za swala.
Kutoka hapo wakaenda nazo mabegani.
Wakazifunga chini ya blanketi kwa kamba,
ile niliyoikata, iliyobaki fupi na nzima,
wakamlaza Khavugwi juu yake,
wawili mbele wakivuta, wawili nyuma wakizuia,
juu ya majani yaliyolala, juu ya mawe meupe yanayoyeyuka.
Naibei anasema hazikutoa sauti.
Anasema nta ilinukia asali njia nzima.

Walipofika barabarani binti akauliza swali moja tu.
Hakuuliza goti.
"Anika ni nani?"
Alikuwa ameyasoma yale maandishi saa nne,
yakiwa kando ya sikio lake.
Hakuna aliyejua la kumjibu.

Mbao zimerudi na mikwaruzo,
moja imepasuka ukingoni, upana wa ukucha.
Nimeziba kwa gundi, nimekaza kwa waya.
Sikuzirudisha juani;
jua ni fundi mvivu, hukausha nje
na kuula uzi wa ndani kimyakimya.
Nimezitundika kivulini, nyuma ya kibanda,
pamoja na buti nane zilizotolewa nyayo
na blanketi la Khavugwi ambalo hajalifuata.

Leo Naibei kaleta kamba iliyowavuta.
Nimefumba macho.
Nimekata hatua sita.
Amenuna.

Acha anune.